Nani Mwenye Siwan?

Tegwen Rhydderch alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya kijiji chetu, nami nilikuwa msaidizi wake. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe tukiwa tumeinamia karai la viazi. Mtu akimenya viazi hana nguvu za kudanganya.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno ya kuhesabu. Watoto walimwogopa mpaka siku walipoonja pudini yake, na baada ya hapo wakamwogopa huku wakimpenda. Aliishi peke yake juu ya kijiji cha Nantcelyn, katika nyumba ya mawe ya wazazi wake, ambako mvua hufika kwanza na kuondoka mwisho. Nyuma ya nyumba kulikuwa na malisho mawili, na humo aliishi Siwan, farasi jike wa Kiwelshi, wa ile aina yetu yenye kifua kipana kama mlango wa ghala, anayenyanyua magoti kwa madaha hata akienda kunywa maji tu.

Ungemuuliza mtu yeyote Nantcelyn yule farasi ni wa nani, angekutazama kama umepotea njia. Wa Tegwen, wa nani tena? Tegwen ndiye aliyemlisha, aliyempiga brashi, aliyemtembeza huku na huku alipovimbiwa tumbo. Wote tulilijua hilo. Siwan mwenyewe alilijua. Asiyelijua alikuwa Chama.

Chama ni kile cha wafugaji, kinachotunza daftari la nasaba. Farasi wetu hawazaliwi hivi hivi tu. Huandikwa baba, mama, babu wa pande zote mbili, rangi, na doa jeupe liko mguu gani. Wengi wetu tunajua habari za babu zao kuliko za babu zetu. Na kila farasi ana pasipoti, ingawa haendi popote, na ndani ya pasipoti kuna ukurasa wa mmiliki. Kwenye pasipoti ya Siwan, ukurasa huo ulisema: Ifor Vaughan.

Ifor alikuwa na duka la vipuri vya matrekta pale njiapanda. Miaka ya nyuma, kabla hajaota kitambi, alikuwa mchumba wa Tegwen. Alimnunulia Siwan mnadani, akiwa mtoto wa farasi aliyetoka tu kuachishwa maziwa, akamleta na utepe shingoni. Tegwen alipomuuliza kuhusu pasipoti, Ifor alicheka. Alisema hakuna haja ya kuisumbua ofisi ya watu, maana karibuni wao wawili watakuwa mwili mmoja, na cha mume ni cha mke.

Mwili mmoja haukupatikana. Mwezi uleule uliopangiwa harusi, Siwan alizama kwenye kinamasi nyuma ya malisho, tope mpaka tumboni. Tegwen aliingia na kamba, akazama naye. Ifor alipanda juu ya ukuta wa mawe na kutoa maelekezo. Alielekeza mchana kutwa. Vuta kushoto, Tegwen. Hapana, kushoto kwangu. Alikuwa amevaa viatu vipya. Farasi alipotoka, na Tegwen akatoka nyuma yake akiwa rangi moja na tope, Ifor alishuka ukutani akasema, "Unaona? Tumeweza."

"Hilo neno 'tumeweza'," Tegwen aliniambia, "ndilo lililonimaliza. Niliona maisha yangu yote pale, Nesta. Mimi kwenye tope, yeye ukutani."

Alirudisha pete. Farasi hakumrudisha, wala Ifor hakumdai, kwa sababu nyuma ya duka lake hapakuwa na hata unyasi mmoja. Baadaye Ifor alimwoa Menna, mwalimu wa piano kutoka kijiji cha pili, mwanamke mdogo mchangamfu. Yeye na Tegwen wakawa wanasali kanisa moja na kupitishiana sahani ya sadaka kila Jumapili, bila kusemezana zaidi ya habari za hali ya hewa. Na kwa kuwa kumwomba Ifor saini kungemaanisha kuzungumza jambo jingine mbali na mvua, Tegwen aliiacha pasipoti kabatini.

Ingebaki humo hadi leo kama si mimi na fundi wa kwato. Fundi yule alikuja kumvisha Siwan viatu vipya vya chuma, akamtazama akikimbia malishoni, akasema, "Bi Tegwen, nimevisha mabingwa wasiofika nusu ya huyu. Unamficha wa nini?" Nami nikashika hapohapo, nikamsumbua jikoni wiki nzima. Mwishowe, ili nimpumzishe, akaijaza fomu ya maonyesho ya wilaya. Tegwen si mtu wa kuandika uongo. Penye jina la mmiliki alinakili kilichokuwa kwenye pasipoti.

"Watasoma jina la farasi tu," alisema. "Nani anajali la mmiliki?"

Siku ya maonyesho jua liliwaka, jambo ambalo kwetu lilitosha kuwa habari. Tegwen alivaa suruali nyeupe na viatu vya michezo, akamwongoza Siwan uwanjani. Mimi sijui sana mambo ya farasi, lakini nilipoona wale wawili wakikimbia, mwanamke na mnyama, hatua kwa hatua, wazee wakiacha keki zao midomoni, mwili ulinisisimka. Jaji alimpapasa Siwan miguu, akarudi nyuma, akatazama tena kama mtu anayesoma barua nzuri. Kisha akamgusa Tegwen begani, ishara ya mshindi.

Sasa, mtangazaji wa maonyesho yale, mwaka baada ya mwaka, alikuwa Ifor Vaughan. Alikuwa na sauti nzito laini, ambayo hata ikitangaza gari lililoegeshwa vibaya ungedhani mwenye gari amepewa cheo. Alikaa kwenye kibanda cha mbao na kipaza sauti, na Menna kando yake na chupa ya chai. Kadi ya matokeo ikaletwa. Ifor akaisoma huku akiiona mara ya kwanza.

"Mabibi na mabwana, bingwa wa farasi jike mwaka huu, kwa kauli moja ya majaji, ni Siwan wa Nantcelyn! Anayemwongoza ni Bi Tegwen Rhydderch. Na mmiliki wake ni…"

Kipaza sauti kikakoroma.

"Mmiliki wake ni Ifor Vaughan."

"Ifor Vaughan yupi?" ikauliza sauti ya mwanamke, kwa uwanja mzima, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzima.

"Nadhani," alisema Ifor, "ni mimi."

Nafikiri kulikuwa na nafasi pale, nyembamba, ambamo Ifor angeweza kusema kwamba kuna makosa. Alifungua mdomo. Lakini watu walianza kupiga makofi, na makofi ni kitu ambacho Ifor hakuwahi kukikatiza. Akashuka kutoka kibandani akifunga vifungo vya koti. Mwenyekiti wa maonyesho, mgeni asiyejua habari za kijiji chetu, akamkabidhi kombe. Mpiga picha wa gazeti akasema mmiliki asogee karibu na farasi. Ifor alisogea kama mtu anayesogelea jiko la moto, akashika kamba kwa vidole viwili. Siwan akamnusa mfuko, akakuta hamna kitu, akageuza shingo.

Picha ilitoka Alhamisi. Ifor, kombe, na kichwa cha Siwan. Tegwen alionekana kiwiko tu.

Jumatatu yake Tegwen alipiga simu Chama wakati wa mapumziko ya chai, nami nikiwa karibu kiasi cha kusikia pande zote mbili. Aliyepokea aliitwa Delyth, mwenye sauti changamfu ya mtu anayekula biskuti.

"Nataka kubadilisha jina la mmiliki," alisema Tegwen.

"Hakuna shida, mama. Mmiliki atie saini sehemu ya kwanza, wewe sehemu ya pili, ulete na pasipoti na ada."

"Mmiliki ni mimi."

"Hapa namwona Bwana Vaughan."

"Huyo hajawahi hata kumpa maji."

"Mama yangu, kompyuta haina mahali pa kuandika maji."

"Na kama hataki kutia saini?"

Delyth alimeza biskuti. "Basi ni wake. Hongera kwa ubingwa lakini! Tumeona gazetini. Mpe Bwana Vaughan salamu zetu."

Tegwen aliweka simu chini, akarudi kwenye viazi, akavimenya mpaka vikabaki kama gololi.

Alipata fomu kwa posta, akaenda dukani kwa Ifor. Kombe lilikuwa dirishani, katikati ya misumeno ya mnyororo, na kando yake ile picha kwenye fremu. Nilikuwa nimemsindikiza, nikajifanya natafuta koleo.

"Ifor, tia saini hapa," alisema Tegwen. Ndiyo maneno ya kwanza yasiyo ya mvua baada ya miaka yote ile.

Ifor alivaa miwani. Aliisoma fomu yote, hata anwani ya mpiga chapa. "Tusikimbilie, Tegwen," alisema. "Hili ni jambo la kisheria. Isitoshe mimi na Siwan tuna historia. Umesahau tulivyomtoa kinamasini?"

"Sijasahau nani alikuwa kinamasini."

"Kila kikosi kinahitaji mtu wa kuona kwa juu," alisema Ifor, na naapa hakuwa akitania. "Nipe muda nitafakari."

Akatafakari Julai yote. Akatafakari Agosti. Baa ya kijiji ilimnunulia bia kila Ijumaa, naye akalipa kwa ushauri. Alieleza vijana namna ya kuchagua farasi kwa kuangalia macho yake. Alieleza siri ya lishe. Mtu alipomuuliza farasi wake anakula nini hasa, alisema, "Nyasi, lakini nyasi za kiwango." Kanisani, alipopewa nafasi ya kutoa sala, alimshukuru Mungu kwa viumbe vyake vyote, na hasa vile alivyotupa sisi wenyewe kuvitunza. Mimi nilifumbua jicho moja kumtazama Tegwen. Alikuwa amefumba yote mawili, na taya limekaza.

Jumamosi moja ya mwisho wa Agosti tulikuwa kwa Tegwen tukitengeneza jamu ya beri nyeusi, tukasikia lango. Alikuwa Menna, mkewe Ifor, amevaa mabuti mapya ya mvua, mkononi ana mfuko wa karoti. Tegwen alibadilika rangi. Kila mtu kijijini alikuwa akisubiri siku hiyo, siku mke atakapopanda kilima kuuliza kwa nini farasi wa mumewe amelala miaka yote hii kwa mchumba wake wa zamani.

"Hodi," alisema Menna. "Nimekuja kumsalimia mke mwenzangu."

Tegwen alisimama na mwiko wa jamu ukidondoka sakafuni. "Menna, nisikilize, mimi na Ifor…"

"Si wewe, bibi wee! Yule mwenye mkia."

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Tegwen hakucheka, lakini aliondoa sufuria motoni, akavaa mabuti yake, akampeleka malishoni. Niliwatazama dirishani. Menna alinyoosha karoti akiwa amesimama mbali kadiri mkono ulivyoruhusu. Siwan aliichukua kwa midomo ya mbele, taratibu, kama bibi anayechukua keki kwenye sahani ya ugenini. Menna akaweka paji la uso kwenye shingo ya farasi na kukaa hivyo muda mrefu.

Aliporudi ndani kwa chai alitwambia, "Ana harufu kama ya biskuti na mvua. Ifor hajawahi kuniambia."

"Ifor hajui," alisema Tegwen.

"Najua kwamba hajui. Nimemwambia atie saini, shoga yangu. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimempiga kwa sumu ya kimya. Anasema hii ni heshima ya familia." Akachovya mkate kwenye jamu iliyokuwa bado moto. "Wewe mwenyewe unamjua. Ukimpokonya kitu anachojivunia, siku ya pili anaugua mgongo."

Tangu hapo Menna alipanda kilimani kila Jumamosi. Tegwen alimfundisha kusafisha kwato, kushika hatamu, kusimama upande usio na mateke. Sikuwahi kumsikia Tegwen akiongea mfululizo namna ile. Wakati mwingine nilipita na kuwakuta wamekaa juu ya ukuta, wanakula mkate wa zabibu kavu, wakimsengenya mwanaume mmoja kutoka vipindi viwili tofauti vya maisha yake.

Ikaja Oktoba, na ibada ya shukrani ya mavuno. Kwetu siku ile kanisa hupambwa. Wanawake walianza asubuhi ya Jumamosi. Mbele ya mimbari tulipanga maboga, tufaha, vitunguu vya kusuka, karoti zilizooshwa zikang'aa, mashada ya shayiri, na katikati ule mkate mkubwa wa umbo la mganda wa ngano ambao Tegwen mwenyewe huoka kila mwaka. Tulipomaliza tuliacha mlango wazi ili rangi mpya ya madirisha ikauke, tukaenda chumba cha nyuma kunywa chai pamoja na Mchungaji Arwel.

Asubuhi ileile, wakati Tegwen na Menna wakiwa kanisani na sisi, Ifor alikuwa na wageni, mabwana wawili kutoka kampuni inayomuuzia vipuri. Aliwaahidi kwa simu kwamba atawaonyesha farasi wake bingwa. Akawapeleka kilimani, akafungua lango la Tegwen kama lake. Siwan alikuwa mbali, ng'ambo ya malisho. Ifor alimwita. Hakuja. Ifor akawaeleza wageni kwamba farasi wa nasaba ya juu haitikii ovyo, wakarudi zao dukani kutazama kombe. Lango la Tegwen lina kamba na ndoano, na vyote viwili lazima vifungwe. Ifor alifunga kimoja tu.

Tukiwa kwenye chai tulisikia kwato kwenye mawe. Nilidhani mtu anapita barabarani. Kisha tukasikia kishindo cha boga likidondoka, na sauti ya kutafuna, ya raha kabisa, isiyo na haraka.

Mchungaji Arwel alitangulia. Siwan alikuwa amesimama mbele ya mimbari, masikio mbele, shada la shayiri likining'inia pembeni ya mdomo. Tufaha zilikuwa zimekwisha. Karoti zilikuwa zimekwisha. Mkate wa mganda ulibaki upande mmoja. Na juu ya zulia jekundu, lile lililonunuliwa kwa michango ya marehemu, alikuwa ameacha shukrani zake za mavuno, bado zinatoa mvuke.

"Mungu wangu," alisema Mchungaji, na hakuwa anaomba. "Ni wa nani huyu?"

Wakati uleule Ifor aliingia mlangoni na wale mabwana wawili. Alikuwa akiwaleta kuona mapambo. Aliona farasi. Aliona zulia. Nilimwona akihesabu haraka haraka kichwani.

"Tegwen!" alipaza ile sauti ya uwanjani. "Huyu farasi wako amefanya nini?"

Nilitazama wenzangu. Wanawake wa kanisa letu si watu wa kucheka mbele ya mimbari, lakini mabega yao yalikuwa yanatikisika.

"Farasi wa nani?" aliuliza Tegwen polepole.

"Wako. Kila mtu anajua ni wako."

"Kwani si ndiye huyu?" aliuliza mmoja wa wageni. "Yule bingwa wako? Wa kwenye picha?"

"Ndiye kabisa," alisema Menna. "Mume wangu anampenda mno. Anamlisha nyasi za kiwango."

Mchungaji Arwel alimgeukia. "Ifor, si ni wewe uliyesali juzi kuhusu viumbe tulivyopewa tuvitunze sisi wenyewe? Nilidhani unamzungumzia huyu."

"Kwa maana ya kiroho, Mchungaji. Kivitendo, farasi ni wa Tegwen. Siku zote amekuwa wa Tegwen. Mimi nilimpa zawadi!"

"Basi tia saini," alisema Tegwen.

Fomu alikuwa nayo kwenye mfuko wa koti. Alikuwa akitembea nayo tangu Julai, hata kona zimelainika kama kitambaa. Ifor aliipokonya, akaiweka juu ya piano, akaomba kalamu. Sijawahi kuona mtu akitia saini kwa kasi ile. Kisha akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi, akaelekea mlangoni.

"Ngoja kwanza," alisema Tegwen. "Delyth wa Chama alinieleza vizuri. Uhamisho unaanza siku watakapoipokea. Posta imeshafungwa leo. Kwa hiyo mpaka wiki ijayo, Bwana Ifor, farasi ni wako." Akaelekeza kidole kwenye zulia. "Na hicho nacho."

Menna ndiye aliyemletea koleo la makaa. Ifor alizoa, na suti yake ya kupokelea wageni, huku wageni wakimtazama na Siwan akimalizia mkate. Wakati fulani Tegwen, ambaye alikuwa ameshika farasi kwa mshipi wake wa aproni, alimwambia kwa sauti ya upole sana, "Kushoto, Ifor. Hapana, kushoto kwangu."

Hapo ndipo wanawake wa kanisa letu walishindwa kabisa.

Ungedhani mambo yaliishia pale. Sisi tulidhani hivyo. Tegwen alituma fomu, pasipoti na ada, akanunua fremu kabisa. Baada ya muda bahasha ya Chama ikafika, lakini haikufika kwa Tegwen, ilifika dukani. Ndani yake Chama kilimpongeza Bwana Ifor Vaughan kwa kuwa mmiliki mpya wa Siwan wa Nantcelyn, aliyehamishwa kwake kutoka kwa mmiliki wa zamani, Bwana Ifor Vaughan.

Katika haraka yake juu ya piano, Ifor alitia saini sehemu zote mbili. Tegwen, kwa furaha, hakuitazama tena.

Alipiga simu palepale jikoni. "Delyth, mlipoona mtu amejiuzia farasi mwenyewe hamkushangaa?"

"Tulishangaa kidogo, mama," alisema Delyth. "Lakini saini zilikuwa safi, zote mbili zinafanana."

Basi ikaletwa fomu nyingine. Safari hii ilijazwa nyumbani kwa Vaughan, kwenye meza ya jikoni, Menna akiwa ameweka kidole mahali pa kutia saini na kiganja kizima mahali pasipotakiwa. Ifor hakubisha. Wageni wale walikuwa wamesimulia habari ya koleo kila duka la vipuri kuanzia kwetu hadi pwani, na wateja walikuwa wakiingia wanauliza kama ana mbolea. Kombe alilipeleka kwa Tegwen yeye mwenyewe, limefungwa kwenye gazeti, akaliacha mlangoni, akapiga hodi na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Tegwen alisema alimwona mgongo tu akishuka kilima, na kwamba kwa mara ya kwanza alimhurumia kidogo. "Kidogo," alirudia, asije akaeleweka vibaya.

Pasipoti yenye jina lake ilifika siku ya mvua ya mawe. Aliifungulia jikoni, mikono ina unga. Aliusoma ukurasa ule, akanipa nikausoma, akausoma tena. Nilitegemea machozi, au walau kelele.

"Vipi?" niliuliza.

"Sijui, Nesta. Nilidhani nitajisikia kama mtu aliyepata kitu." Alipangusa unga kwenye kona ya karatasi. "Sasa akila maboga ya watu, wa kulaumiwa ni mimi."

Jioni alilipa kanisa zulia, bila kuombwa na mtu. Alisema farasi alikuwa wa Ifor kwa karatasi, lakini tumbo lile alilijaza yeye.

Majira ya joto yaliyofuata tulimshawishi ampeleke tena Siwan kwenye maonyesho, sasa kwa jina lake. Hakutaka. Siku ile ya maonyesho, Ifor alipokuwa kibandani akitangaza, kiti cha kando yake hakikuwa na mtu. Menna alikuwa ameshajifunza kupanda farasi kiasi cha kujiamini kuliko alivyopaswa, na alikuwa juu ya mgongo wa Siwan kwenye nyika ya mlimani, Tegwen akitembea mbele na fimbo. Upepo ulileta vipande vya ile sauti nzito kutoka bondeni, majina ya farasi na ya wenye farasi, hayasikiki vizuri. Siwan alisimama ghafla kula majani. Menna akapitiliza, akatua kwenye kichaka cha miiba chenye maua ya njano.

"Umeumia?" aliuliza Tegwen.

"Sehemu gani?" alisema Menna kutoka ndani ya kichaka.

Tegwen alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, kisha akaingia miibani na mikono yake mikubwa kumtoa.